Kibubu Hakisemi

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii husemwa na watoto wa shule ambao hawajapata kukiona kibaba kwa macho, seuze kupimiwa mchele kwacho. Kibaba kilikuwa chombo cha kujazwa. Vibaba viwili vilifanya kisaga, vinne vikafanya pishi, na mchele wa kibaba kimoja ulikaribia uzito wa ratili moja u nusu. Lakini vibaba havikuwa sawa vyote. Wa kale walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa hata nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa juu kikawa sawasawa. Maneno hayo mawili yamo katika kamusi za zamani, na sasa yamo humo tu, kwani kilo ilipoingia dukani hapakuwa tena na kichuguu cha kugombania.

Ndani ya tofauti hiyo ya tele na mfuto ndimo ilimoanzia historia ambayo haikupata mwandishi. Mwanamke aliyepimiwa kwa tele dukani na kupika kwa mfuto jikoni alibakiwa na konzi ya mchele kila siku, na konzi hiyo haikuandikwa katika daftari lolote. Bandari ya Unguja ina daftari za karafuu, pembe na ngozi; mabalozi wa nchi za kigeni waliziandika shehena kwa frasila. Nyumba haikuandika. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, alimwachia mafunzo ya dini, ya adabu na ya unyumba, na washairi wamekuwa wakiyasoma tangu hapo. Lakini hesabu ya mchele, ya tui na ya mafuta ya taa ilirithishwa kwa mkono na kwa jicho, mama akipika na mtoto akitazama.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni nazi. Nazi moja iliyokunwa juu ya mbuzi ilitoa kwanza tui zito la kasimile, likawekwa kando la kutilia mwisho, chungu kikikaribia kuepuliwa. Kisha chicha ilitiwa maji na kukamuliwa tena katika kifumbu, likapatikana tui la nyuma, jepesi, la kuchemshia muhogo au mchele. Chicha iliyokwisha kutoa kila ilichokuwa nacho ilisugulia vyungu, na iliyosalia wakamwagiwa kuku. Kifuu kilikuwa kuni, au kilitiwa mpini kikawa upawa au kata ya kutekea maji. Makuti yaliezeka paa. Wali uliolala ukaitwa kiporo, ukawa chakula cha asubuhi ambacho wengi, hata wenye uwezo, hukipenda kuliko mkate. Na ukoko uliogandia chini ya chungu ulikuwa na wagombea wake. Ni vigumu kuuita mpango wa namna hii ubahili. Bahili hujinyima na wenziwe, ilhali jiko la pwani lilimlisha mgeni kwa nazi ileile.

Makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi, yana habari yao peke yake. Katika vijiji vya kusini na mashariki ya Unguja wanawake waliyafukia pwani, mahali ambapo maji hujaa na kupwa, wakayafunika kwa mawe na kuyaacha miezi kadhaa hata yakaoza yanavyotakiwa. Kisha waliyafukua, wakayaponda kwa magongo wakapata usumba, na usumba wakausokota kamba. Shimo la makumbi lilikuwa na mwenyewe, na majirani walilijua. Fedha ya kamba ilikuwa ya mwanamke. Mume hakuihesabu katika zake. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya benki yoyote kufika vijijini, kulikuwako akiba iliyozikwa mchangani chini ya maji ya bahari, isiyoweza kutumiwa kabla ya wakati wake hata mwenyewe akitaka. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayotafutwa na kila mweka akiba, na ndiyo inayomshinda aghalabu ya watu.

Kula pamoja nako kulikuwa na hesabu yake. Kamusi za karne ya kumi na tisa zinalo neno kikoa: chakula kinacholiwa na watu kadhaa, ambacho kila mmoja wao hukitoa kwa zamu yake, mpaka wote wawe wametoa. Lina mwenziwe, kula bia, ambapo kila mtu huchanga sehemu yake siku ileile. Katika bia mtu hulipa anachokula. Katika kikoa leo hula cha mwenziwe, na hubaki na deni mpaka zamu yake ifike. Anayeijua upatu ataona mara moja udugu uliopo. Upatu ni kikoa ambacho wali umetoka na fedha imeingia: kundi la wanawake, kima kimoja cha kuchanga, kijumbe anayekusanya, na kila wiki au kila mwezi mmoja wao anachukua kapu zima. Mombasa na Lamu wengine huuita mchezo. Huko Ngazija na Maore jina la shikoa limebaki kwa michango ya zamu ya namna hiyohiyo, na ushahidi huo wa ndugu zetu wa visiwa vya Komoro unatosha kuonyesha kwamba mkono uliozoea kupokezana sahani ndio uliozoea baadaye kupokezana fedha.

Anayepokea upatu mwanzo amekopeshwa bila riba. Anayepokea mwisho ameweka akiba bila riba. Katika jamii ya Kiislamu jambo hili si dogo. Wengi waliona mashaka kupokea faida ya benki, na hao walikuwa na chombo tayari ambacho sheria ya dini haikukigusa. Lakini chombo hicho kilisimama juu ya mguu mmoja tu, nao ni uso wa mtu. Aliyepokea kisha akakimbia hakuwa na pa kukimbilia katika mtaa ambao arusi, maziko na hitima zake zote zilihudhuriwa na wanawake walewale. Aibu ndiyo iliyokuwa mdhamini.

Kibubu ni kinyume cha upatu. Jina lake limetoka kwa bubu, asiyesema. Upatu unajulikana na wote waliomo, na kibubu hakijui mtu ila mwenyewe: chombo cha udongo, au cha mti, au kopo lililozibwa, chenye mwanya wa kuingiza sarafu na kisicho na mlango wa kuitoa. Ili kipate kusema lazima kivunjwe, na ndiyo maana mpaka leo kuvunja kibubu ni kutumia akiba, hata kama kilichovunjwa ni kopo la bati. Fumba, kusini ya Unguja, ni mojawapo ya mahali palipotoka vyombo vya udongo vilivyouzwa mjini. Siti binti Saad alizaliwa huko katika ukoo wa wafinyanzi, na kabla sauti yake haijajulikana alitembeza vyungu mitaani.

Kwa baadhi ya watu ububu wa kibubu ulikuwa na thamani kubwa kuliko tunavyoweza kukisia. Katika mji wa Unguja wa karne ya kumi na tisa watumwa wengi walikodishwa kwa kazi za siku, wakaitwa vibarua, jina lililotokana na barua. Ujira wao uligawanywa, bwana akachukua fungu lake na mtumwa akabaki na lake. Fungu hilo dogo lilikuwa mali ya mtu ambaye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali. Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, na miaka iliyofuata ilionyesha mara moja watu hao walikuwa wakiweka kwa ajili ya nini. Wanawake waliokuwa wamevishwa merikani na kaniki walinunua kanga, doti kwa doti. Mwenye kupenda kuhubiri angeweza kusema kwamba ule ulikuwa ufujaji. Huyo hajapata kuvaa kaniki kwa kulazimishwa.

Na kilichoingia katika mwanya wa kibubu kilibadilika mara nyingi. Kwanza ilikuwa reale. Ya Sham ilikuwa na sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na tarehe ya 1780 iliyoendelea kupigwa juu yake miaka mingi baada ya kufa kwake. Ya mzinga ilikuwa ya Kihispania, yenye nguzo mbili ambazo macho ya pwani yaliziona kuwa mizinga. Sayyid Barghash alipiga sarafu zake mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882 wa Miladi, na pesa yake ya shaba ilikuwa na picha ya mizani. Rupia ya Bara Hindi ikatawala soko. Mwaka 1908 serikali ya Unguja ilitoa noti zake za rupia, zenye picha ya jahazi, na senti zenye mnazi. Tarehe 1 Januari 1936 rupia ya Unguja iliondoshwa na kuwekwa shilingi ya Afrika Mashariki, kwa hesabu ya shilingi moja na nusu kwa kila rupia. Mwaka 1966 ikaja shilingi ya Tanzania.

Katika kila badiliko la namna hiyo serikali ilitangaza kiwango na muda, na kwa karatasi hapakuwa na aliyedhulumiwa. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Fedha iliyofichwa ilitakiwa itoke ijionyeshe. Mke aliyeweka bila ya mume kujua, mzee aliyeweka gharama za maziko yake mwenyewe, kijana aliyekuwa akikusanya mahari, wote walitakiwa kuvunja vibubu vyao kwa siku ambazo hawakuzichagua na kuvipeleka mbele ya karani. Aliyechelewa, au aliyekufa bila ya kumwambia mtu, alibakisha vipande vya karatasi. Akiba haiozi, walisema wahenga. Lakini wahenga hao walisema wakiwa na fedha ya kweli mkononi, madini ambayo sonara angeweza kuyayeyusha pasi na kuuliza ni mfalme gani aliyepigwa chapa juu yake.

Wanawake walilijua hilo mapema. Reale nyingi za Sham ziliishia katika mafurungu na mitali ya miguuni, na baadaye dhahabu ikashika nafasi ya fedha katika bangili, vipuli na vidani. Kidani kilionekana na wote na bado kilikuwa akiba. Kilihudhuria arusi siku ya Ijumaa na Jumatatu kikaweza kuwa kwa sonara, kimewekwa rehani ya dawa ya mtoto. Mahari na mapambo yalikuwa haki ya mwanamke katika sheria ya dini, na hapo ndipo dhahabu ilipoushinda mchele na makumbi kwa uzito wa hoja: hata kadhi aliitambua. Wanaume wenye mashamba, kwa upande wao, walizoea kupata fedha kwa bei ya khiari, shamba likiuzwa kwa sharti la kukombolewa, na mengi hayakukombolewa. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka wa neema hufuatwa na miaka ya kubahatisha, na aliyetumia mwaka wa neema kama kwamba utarudi alikopa katika miaka iliyofuata. Deni la wenye mashamba lilikuwa zito kiasi cha serikali kutunga sheria ya kuzuia ardhi isihamie kwa wadai, mwaka 1934. Historia imeandika mengi juu ya deni hilo la waume. Bangili zilizouzwa ili kulipunguza hazikuhesabiwa.

Vita Kuu ya Pili viliifikia sufuria ya wali mwaka 1942, Wajapani walipoishika Burma, kwani visiwa hivi vilizoea kula mchele ulioletwa kwa meli kutoka Asia. Muhogo ukapanda cheo. Mgao wa chakula uliwekwa, nao ulifuata makundi ya kikabila kama serikali ilivyoyaandika, hata ikawa jina la kabila katika karatasi lina maana ya wali au kukosa wali. Miaka ya ghali ya maisha iliyofuata vita iliwafikisha wachukuzi wa bandarini katika mgomo wa mwaka 1948, uliosimamisha kazi za mji. Kubana matumizi kuna mpaka wake; mwenye kupika kwa mfuto hana pa kupunguza kibaba kikiwa kitupu.

Mwanzo wa miaka ya 1970 ulileta jambo la ajabu kuliko yote katika historia hii. Bei ya karafuu ulimwenguni ilikuwa nzuri. Hazina ya fedha za kigeni ya Unguja ilikua, na wakati huohuo uagizaji wa mchele na vyakula vingine ulipunguzwa mno, watu wakihimizwa wajitegemee kwa walichopanda. Serikali yenyewe iligeuka kibubu. Ndani mlikuwa na akiba, na nje mlikuwa na foleni ya sukari, ya unga, ya sabuni. Wapo waliotetea, wakisema nchi changa isile mbegu yake. Na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Lakini akiba ya nyumbani hupunguzwa kinywani na yule anayeila baadaye, au na mama yake. Hii ilipunguzwa na watu ambao hawakuulizwa, na mwanya wa kibubu haukuwa wao. Baada ya kuuawa kwa Sheikh Abeid Amani Karume mwezi wa Aprili 1972 mkono ulilegezwa, bali uhaba haukwisha. Ulirudi kwa sura nyingine kila bei ya karafuu ilipoanguka.

Waliozipitia foleni hizo walijifunza ufundi ambao vitabu vya upishi havina: mandazi kwa sukari ya kulambisha, chai ya mchaichai pasi na majani, nguo ya mkubwa ikipunguzwa mara mbili hata imfikie mdogo, kibatari cha kopo kilichozimwa mapema. Kipande cha sabuni kilichobaki hakikutupwa. Kiligandishwa juu ya kingine. Waliokulia humo mpaka leo huwatambua wenziwao kwa jinsi wanavyokunja mfuko wa nailoni.

Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1984 na 1985, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi kuiongoza Zanzibar, maduka yalijaa vitu, na vibubu vikakutana na adui mpya. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kwa hesabu rasmi kama shilingi 17. Mwaka 1995 ilizidi 550. Mtu aliyeweka noti zake kwa uaminifu miaka kumi, hakuibiwa hata moja na zote zikawa safi, alivunja akakuta zimeoza ndani ya ukimya. Jirani yake aliyenunua bangili mbili mwaka uleule alikuwa nazo bado mbili.

Ndipo panapoeleweka kwa nini wanawake wa Paje na Jambiani walipoanza kulima mwani mwaka 1989, pwani ileile walipokuwa mama zao wakifukia makumbi, hawakuziacha fedha zao zikae. Zilikwenda katika mabati, katika vitanda, katika vyombo vya kabati, katika sare na daftari za skuli. Mgeni mwenye kuandika ripoti angeweza kuziona sahani zile na kusema ni matumizi. Mwenye nyumba alikuwa akihesabu akiba. Mwani haulipi kama zamani, na maji ya bahari yaliyozidi joto yameuharibu mara nyingi. Mabati yapo.

Katika miaka ya mwanzo ya 2000 vilienea, kuanzia upande wa Jozani, vikundi vya kuweka na kukopa, vyenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo ukikaa kwa mtu wake. Mfumo wenyewe ulitokana na vikundi vya wanawake wa Niger vya mwaka 1991, lakini ulipofika visiwani haukuhitaji tafsiri ndefu. Watu waliuona kuwa upatu uliooa kibubu: siri imetoka, ukimya umetoka, ila mtu mmoja peke yake bado hawezi kufungua.

Na lugha nayo imeweka vyake. Sumuni ni thumni, sehemu ya nane, yaani ya reale. Reale iliondoka sokoni na senti hamsini zikaendelea kuitwa sumuni. Pesa ni paisa ya Bara Hindi. Hela ilitoka kwa sarafu ya Wajerumani huko bara. Fedha ni madini ambayo hakuna sarafu ya leo iliyonayo. Mshairi anayetafuta vina katika maneno hayo anaingiza mkono katika kibubu cha watu waliokwisha kufa.

Kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilitaka noti za zamani, zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya shilingi mia tano ya mwaka 2010, zirudishwe zibadilishwe. Miongoni mwake ilikuwemo noti ya shilingi 20, ambayo mwaka 1985 ilizidi dola nzima. Kwa miezi mitatu hiyo, masanduku ya mvule na mito ya pamba ilipekuliwa katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, na wajukuu wakatumwa mjini na bahasha. Kisha tarehe ikapita.